Adhabu ya Ndoo ya Makaa

Katika nyumba ya Firmin Vermeersch, pale Schaerbeek jijini Bruseli, kusema kweli kulikuwa kosa, na kosa lilikuwa na adhabu yake. Siku za kazi Firmin alichora mabango ya maduka. Akichora kiatu, chini yake aliandika "Viatu". Akichora mkate, aliandika "Mkate", na ole wake akosee, maana waoka mikate wa jiji lile hawana utani na mabango yao. Lakini Jumapili ilikuwa yake mwenyewe. Jumapili alitundika sebuleni picha alizozichora kwa ajili ya nafsi yake, na marafiki wakaja kuzitafutia majina. Wenyewe walijiita wasurealisti, na sheria yao ilikuwa moja tu: jina lisifanane na picha hata chembe. Picha ya samaki isiitwe samaki, wala bahari, wala njaa. Jina na picha, walisema, ni watu wawili wasiojuana waliokutanishwa kwenye benchi moja. Ukiwaacha hapo, kati yao huzaliwa kitu ambacho hakimo katika huyu wala katika yule.

Aliyeponyokwa na ulimi akakitaja kitu kwa jina lake alivishwa ndoo ya makaa kichwani, akasimame kwenye ngazi za mlango wa mbele mpaka aitwe. Mtaa mzima ulikwisha zoea. Bibi Pauwels, muuza vifungo wa ng'ambo ya barabara, akimwona mtu mzima kavaa suti na ndoo, hufungua dirisha na kuuliza kwa sauti, "Leo umekosa nini, bwana?" Naye mwenye ndoo hana budi kumjibu kwa adabu.

Alida, mke wa Firmin, hakuwahi kusimama pale hata siku moja tangu aolewe. Yeye ndiye aliyekuwa na ulimi katika nyumba ile. Firmin angeweza kuitazama picha yake wiki nzima asipate neno, na Alida akapita na kapu la nguo, akatupa neno moja begani, na picha ikakaa. Nusu ya sifa za Firmin zilitoka kinywani mwa mkewe, na Firmin alilijua hilo, akalisema mbele za watu. Wanaume wa namna hiyo ni wachache, basi tumpe haki yake, kwa sababu muda si mrefu tutamnyang'anya.

Jambo jingine la kujua ni hili. Alida alilelewa na masista huko kijijini Flanders, kwa fimbo na kwa magoti, na alipotoka aliapa kwamba dini na yeye basi. Siku ya kumzika mama yake kijiji kizima kilisali Salamu Maria, naye akafunga mdomo akautazama udongo. Njiani kurudi alimwambia mumewe, "Firmin, siku ukinisikia naisali ile, ujue aliye mbele yako si mkeo."

Jumapili moja ya Novemba, mvua ikinyesha bila haraka, Alida alikuwa jikoni akikata tati ya wali, ile keki tamu ya maziwa na mchele. Maonyesho ya picha za Firmin yalikuwa Alhamisi. Picha nne zilikuwa bado hazina majina, na mchapaji wa orodha ya maonyesho aliyangoja kesho yake asubuhi. Kutoka sebuleni alimsikia Octave Delsaux, mshairi, akicheka kwa ile sauti yake ya kuvunja vyombo, na mkewe Ghislaine akimwambia apunguze.

Kikombe kikamponyoka mkononi, kikavunjika.

Alikitazama pale sakafuni. Halafu akautazama mkono wake wa kulia, ulioning'inia kando kama si wake. Aliuambia uokote vile vipande, nao ukakataa. Na alipotaka kujisemea moyoni kwamba amevunja kile kitu, jina la kile kitu halikuwepo. Alikiona. Alijua ni cha kunywea, alijua alikinunua soko la Sablon na muuzaji alikuwa na jino la dhahabu. Jina lake tu ndilo lilikuwa limeondoka, na pale lilipokuwa likikaa palikuwa peupe.

"Shemeji!" Octave aliita. "Tunakufa njaa huku, na picha zinakufa bila ubatizo!"

Alida aliingia sebuleni akijikokota kwa kushika ukuta. Picha ya kwanza ilikuwa imeegemezwa kwenye kabati: kiti kilichofunikwa shuka, kimesimama peke yake juu ya paa. Firmin alikuwa na chaki mkononi, tayari kuandika jina nyuma ya fremu. Alipomwona mkewe uso ulimchangamka.

"Haya, mama," alisema. "Tumeshindwa. Octave amesema upuuzi mara sita."

"Saba," alisema Ghislaine.

Alida alikusanya nguvu. Alitaka kusema, Mkono wangu umekufa. Aliyapanga maneno sawasawa, akayapeleka kinywani, akafungua.

"Farasi amelala mezani," alisema.

Kisha Octave alipiga paja lake. "Farasi Amelala Mezani! Jamani! Mimi nimekaa hapa natoka jasho, yeye anatoka jikoni na farasi!"

Firmin alikuwa tayari anaandika, na chaki ikalia nyuma ya fremu. Alida alitikisa kichwa. Hapana, hapana, siyo hilo. Alijisikia mwenyewe alichosema na nywele zikamsisimka, kwa maana sauti ilikuwa yake lakini maneno hayakuwa yake.

"Hataki," alisema Ghislaine. "Anatikisa kichwa."

"Msanii gani anayeridhika?" Octave alisema. "Lete ya pili, bwana, chuma kingali cha moto."

Firmin aliweka picha ya pili: shoka ambalo mpini wake umechipua majani. Alida hakulitazama. Alimtazama mumewe machoni, akamshika koti kwa mkono wa kushoto. Daktari. Alitaka neno hilo moja tu, neno ambalo hata mtoto wa miaka miwili analijua. Niitie daktari.

"Sabuni," alisema. Akasikia si lenyewe. Akajaribu tena, kwa nguvu, mate yakimruka. "Sabuni! Sabuni, Firmin! Sabuni!"

Octave alisimama kitini, akapiga makofi. "Shoka lenye majani, na jina lake Sabuni! Na namna alivyolisema! Mmemsikia? Kama mtu anayezama!"

Alikuwa anazama kweli. Ndicho kilichomtia Alida uchungu hata kuliko hofu: kwamba mjinga yule alikuwa ameona sawasawa, na asiinue hata kidole. Angekuwa kwa Bibi Pauwels, katikati ya vifungo na uzi, akasema sabuni huku anamshika mtu koti, wangekwisha mkalisha chini wakamlegeza nguo kifuani. Lakini alikuwa nyumbani kwake, mahali ambapo miaka yote walikuwa wakimwomba Mungu wasiyemwamini awape mtu wa kusema hivi. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha ulikuwa ukitumbuka mbele ya macho yao, wao wanaupigia makofi.

Hasira ilimpanda. Aliunyanyua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akautupa mezani kati ya sahani. Ulianguka na kulala pale, kiganja juu, ndani ya krimu ya tati.

"Shoga, wewe umelewa?" Ghislaine aliuliza akicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kimepungua. "Firmin, mkeo yuko sawa?"

"Usimkatize," alisema Octave. "Kwa roho yako, Ghislaine, usimkatize. Hiki ndicho tulichokuwa tunakitafuta."

Naye Firmin? Firmin alikuwa akimtazama mkewe kwa fahari, vile vile alivyomtazama siku ya harusi yao alipotoka ofisi ya meya amevaa kofia ya kuazima. Macho yalikuwa yamemlowa kwa furaha. Alida alipoyaona macho hayo alijua yuko peke yake.

Alimpokonya chaki. Aligeuza sinia jeusi la kahawa lililokuwa mezani, akajaribu kuandika kwa kushoto. Herufi hazikuja. Alizijua kwa sura, lakini mkono ulitoa vijiti na vitanzi visivyo na maana. Basi akachora. Alichora mwanamke, duara la kichwa na mstari wa mwili, akaukata katikati toka juu mpaka chini, akaupaka chaki upande wa kulia wote mpaka ukapotea. Alilisukuma sinia mbele yao. Tazameni. Mimi huyu.

Octave alilipokea kwa mikono miwili. "Firmin," alinong'ona, "umeoa mchoraji pia."

Alida akapiga meza kwa ngumi. Alitaka kusema naogopa, nisaidieni, na kilichotoka, pole pole na kwa ufasaha wa ajabu, kilikuwa, "Jumanne ina manyoya."

Hilo likapewa picha ya tatu, glavu ya mwanamke iliyoshika mwali wa mshumaa. Firmin aliliandika. Akaiweka ya nne: mlango uliosimama peke yake kwenye mchanga wa pwani, hauna nyumba, hauna ukuta. "Moja tu imebaki, mpenzi," alisema. "Moja tu, halafu upumzike."

Miguu ikamwisha Alida. Aliteleza ukutani mpaka akakaa sakafuni, sketi imempanda magotini, asijali. Ndani ya kichwa chake alitafuta neno lolote, lolote lile, na kote palikuwa peupe. Ndipo kutoka chini kabisa, chini ya Kifaransa cha mjini, chini ya majina yote aliyowahi kuyatoa, kitu kikaanza kutembea chenyewe. Mdomo ukafunguka. Akasikia sauti ya mtoto ikisema kwa Kiflemi cha mama yake: Salamu Maria. Na yaliyofuata, mstari kwa mstari, bila kukwama, bila kosa, kama masista walivyoipigilia humo kwa fimbo. Alipofika mwisho, penye kuombewa saa ya kufa, akaanza tena mwanzo.

Octave alianguka kwenye kochi kwa kicheko. "Kufuru! Kufuru tamu kuliko zote! Alida wetu anasali! Andika, Firmin, andika!"

Chaki ilianguka.

Firmin alipiga magoti mbele ya mkewe. Rangi ilikuwa imemtoka. Alichukua kijiko mezani, akakiinua.

"Alida. Hiki ni nini?"

"Ndoo! Ndoo!" Octave alipiga kelele. "Anayejibu avae ndoo!"

"Hiki ni nini, Alida? Niambie jina lake. Nakuomba."

Alida alikitazama kijiko. Alikijua tangu kilipokuwa cha bibi yake. "Mvua," alisema, na machozi yakaanza kumtoka, yakishuka sawa shavu la kushoto, na la kulia yakiingia kwenye pembe ya mdomo uliokuwa umelegea.

Octave alipiga kofi moja. La pili hakulipiga, kwa sababu Firmin alikuwa amegeuka na kumwambia, "Ukipiga tena nakuua." Alilisema taratibu, na kila mtu mle ndani alijua kwamba halikuwa jina la picha. Ghislaine alikwisha toka mbio bila koti kumfuata daktari, na aliposhuka ngazi za mlango Bibi Pauwels akamuuliza kutoka dirishani kwake leo nani kakosa.

* * *

Hakufa. Alilala hospitali wiki nyingi, na aliporudi mguu ulikuwa unaburuta na mkono umejikunja kifuani. Maneno yalirudi moja moja, mengine yameshikana na yasiyo jamaa zake. Firmin aliacha picha za Jumapili. Badala yake alikata kadi za mbao, na kwa rangi nzuri ya mabango akachora juu yake kikombe, akaandika chini "Kikombe". Akachora kiatu, akaandika "Kiatu". Alichora kijiko, jiko, paka wa jirani. Yule aliyekuwa akiwacheka waoka mikate sasa alikaa kila asubuhi mbele ya mkewe, akishika kadi, akifunika neno kwa kidole, akingoja. Alida alizichukia zile kadi. Alimtupia usoni ya paka. Lakini alizisoma.

Mwezi wa Aprili Octave alikuja peke yake, amebeba bahasha ya vipande vya magazeti na picha nne chini ya kwapa. Ilibainika kwamba Jumatatu ile, Firmin akiwa hospitali, yeye alizichukua picha pamoja na majina yaliyokuwa nyuma, akayapeleka kwa mchapaji. Ile ya nne ilitundikwa bila jina.

"Nilikuwa nawasaidia, bwana," alimwambia Firmin. "Na sikiliza! Magazeti hayakuzungumza kingine. Sabuni! Watu walisimama mbele ya Sabuni wakalia. Sasa Parisi wanazitaka zote nne. Lakini ya nne haina jina."

"Toka nyumbani kwangu," alisema Firmin.

"Sikuja kwako, nimekuja kwake. Mwache aseme mwenyewe." Octave aliinama mbele ya kiti cha Alida, na sauti yake ikawa laini. "Shemeji, usijilazimishe. Wala usifikiri. Itazame tu, na chochote kitakachokuja mdomoni, hata kama hakina kichwa wala miguu, ndicho tunachokitaka. Neno moja tu kama lile la siku ile."

Akazipanga picha zote nne kwenye kabati. Alikuwa na chaki yake mfukoni, akaitoa.

Firmin alipiga hatua amkunje shati, lakini Alida aliinua mkono wa kushoto. Akanyanyuka kwa taabu. Akaenda mpaka kwenye picha ya kiti juu ya paa, akaweka kidole juu yake.

"Hii," alisema. Alipumua. "Mkono. Nilisema... mkono umekufa."

Octave alitabasamu, kisha tabasamu likasita.

Alida alihamia kwenye glavu. Hapa alikwama. Neno lilikuwa karibu, na mbele yake lilisimama jingine, likisukuma, likitaka kutoka badala yake. Alifunga mdomo mpaka likapita. Saa ya ukutani iligonga, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Naogopa," alisema. "Hii. Naogopa. Nisaidieni."

"Shemeji, mimi sikujua..."

"Ngoja." Aliburuta mguu mpaka kwenye shoka lenye majani, lile ambalo watu walililia bila kujua wanachokililia. Aligeuza kichwa amtazame Octave usoni. "Da," alisema. "Dak. Daktari. Mara nne, Octave. Daktari."

Octave Delsaux alikuwa mtu ambaye hakuwahi kukosa la kusema, hata mazishini. Sasa alirudi nyuma mpaka akagonga kochi, chaki bado vidoleni. Firmin aliufunika uso wake kwa mikono, kwa sababu hata yeye alikuwa hajaambiwa. Yeye ndiye aliyeyaandika majina yote matatu, kwa mwandiko mzuri, akijivuna.

Ikabaki ya nne. Alida alisimama mbele yake muda mrefu. Mlango, mchanga, bahari. Mkate, kinywa chake kilimwambia. Mkate, mkate. Alilimeza. Kijiko. Hilo pia alilimeza. Kijasho chembamba kilimtoka mgongoni. Firmin alikuwa ameondoa mikono usoni na kumtazama, na safari hii hakukuwa na fahari machoni mwake. Alikuwa akingoja tu, vile anavyongoja kila asubuhi, kidole juu ya neno.

"Mlango," alisema Alida.

Hakuna aliyecheka. Firmin alichukua chaki kutoka vidoleni mwa Octave, akaigeuza picha, akaandika nyuma yake kwa herufi za bango, kubwa na zilizonyooka: Mlango.

Naye Alida alikuwa bado anatafuta kitu kwa macho. Alikiona kando ya jiko la makaa. Alikinyooshea kidole, na neno likaja lenyewe, upesi, hata akashtuka.

"Ndoo."

"Hapana, Alida," alisema Firmin. "Hapana, mke wangu, mchezo ule umekwisha."

"Ndoo," alisema tena, kwa ile sauti yake ya zamani, sauti ya mwenye nyumba. Firmin akamletea. Alijivika mwenyewe kwa mkono mmoja, vumbi la makaa likamwangukia mabegani, akaburuta mguu ukumbini, akafungua mlango wa mbele, akasimama kwenye ngazi mahali ambapo hakuwahi kusimama. Firmin alitoka akasimama nyuma yake, asije akaanguka. Octave walimwacha ndani na picha zake.

Ng'ambo ya barabara dirisha lilifunguka. Bibi Pauwels alichungulia, akamtambua aliye chini ya ndoo, na kwa kitambo akawa hajui acheke au alie. Mwishowe akauliza kama alivyozoea, ila kwa upole.

"Leo umekosa nini, bibi?"

Alida aliisukuma ndoo nyuma kidogo ili amwone.

"Nimesema kweli," alisema.